Kutoka Ilongero hadi Kwenye Matumbawe: Jinsi ya Kuchagua Kozi na Mkufunzi wa Kupiga Mbizi

Kijana wa Ilongero, mkoani Singida, anayetaka cheti cha kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa ana shida ambayo kijana wa Nungwi, kule Unguja, hana. Wa Nungwi akiona mkufunzi hamridhishi, anavuka barabara na kumwona mwingine. Wa Ilongero ameshapanda gari hadi Singida mjini, ameshika basi la Dodoma, amefika Dar es Salaam na kuvuka kwa boti hadi Unguja. Huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 700, na nauli imeshaliwa. Akikuta mambo sivyo alivyoambiwa, mara nyingi atajikaza na kulipa hivyo hivyo.

Kwa hiyo kazi ya kulinganisha kozi ifanyike nyumbani, kwa simu, kabla ya kukata tiketi. Na ukianza kulinganisha utagundua mapema kwamba vyeti vinafanana mno. Tofauti kubwa iko kwa mtu atakayekushika mkono chini ya maji. Hatua zifuatazo zitakusaidia kumpata mtu huyo.

Hatua ya 1: Amua unataka cheti cha kazi gani

Usianze na bei. Anza na kujiuliza unataka nini.

Kama unataka kuonja tu, ipo mbizi ya majaribio. Unafundishwa mambo machache ufukweni au kwenye bwawa, kisha mkufunzi anakushusha, si zaidi ya mita 12. Hupati leseni ya kuzamia na mwenzako bila mkufunzi, ila unajua kama mwili na moyo wako vinakubali. Kwa mtu ambaye hajawahi kukaa chini ya maji, ni njia nafuu ya kujipima kabla ya kulipia kozi nzima.

Ukitaka cheti chenyewe, cha msingi ni Open Water Diver. Hiki kinakuruhusu kuzamia hadi mita 18 ukiwa na mwenzako mwenye cheti, popote duniani. Baada ya hapo kuna Advanced, cha kukufikisha mita 30, kisha kozi ya uokoaji.

Wako wanaotaka ajira kwenye vituo vya mbizi vya Unguja, Pemba na Mafia. Ngazi ya kwanza ya kitaalamu ni Divemaster. Kwa utaratibu wa PADI, moja ya mashirika yanayotoa vyeti hivi, unatakiwa uwe na miaka 18, uwe umemaliza kozi ya uokoaji, uanze ukiwa na mbizi 40 kwenye daftari lako na umalize ukiwa na 60. Kuwa mkufunzi kunadai mbizi 100. Njia hiyo ni ndefu. Ukiambiwa ulipe kifurushi kizima tangu mwanzo hadi ukufunzi, kataa kwa adabu. Lipia Open Water kwanza. Ukishamaliza utakuwa umeijua bahari, umekijua kituo, na wao watakuwa wamekujua.

Hatua ya 2: Jifunze kuogelea na upime afya ukiwa bado nyumbani

Kozi ya Open Water ina mtihani wa maji. Utaogelea mita 200 bila kusimama, kwa mtindo wowote na bila kukimbizwa na saa, au mita 300 ukiwa na miwani, mapezi na mrija wa kupumulia. Halafu utaelea dakika 10 bila kushika kitu.

Usijifunzie lambo. Maji ya lambo yana matope, kina chake hakijulikani, na kichocho kipo. Tafuta hoteli yenye bwawa la kuogelea mjini Singida au Dodoma, ulipe kiingilio, uwe na mtu anayejua kuogelea pembeni yako. Anayekwambia kwamba kuogelea si lazima kwa sababu jaketi litakuelesha anakudanganya, na umekwishapata sababu ya kwanza ya kumkwepa.

Kuhusu afya, omba kituo kikutumie mapema fomu ya maswali ya kiafya ya wapiga mbizi. Inauliza kuhusu pumu, magonjwa ya moyo, kifafa, mapafu, upasuaji wa masikio, ujauzito na mengineyo. Kuna majibu ya "ndiyo" yanayokulazimu kupata sahihi ya daktari. Ni afadhali ukaipate hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Singida kuliko kuambiwa ufukweni, begi likiwa mgongoni, kwamba huwezi kuingia majini. Usidanganye kwenye fomu hiyo. Pumu iliyofichwa kwenye karatasi haifichiki ukiwa mita 15 chini.

Hatua ya 3: Yajue mashirika, lakini usiyaabudu

Utakutana na majina kama PADI, SSI, CMAS, NAUI na BSAC. Haya ni mashirika yanayotunga mitaala na kutoa kadi. Ya Uingereza, BSAC, ni ya mwaka 1953. CMAS lilizaliwa Monaco mwaka 1959, na rais wake wa kwanza alikuwa Mfaransa Jacques Cousteau. PADI lilianzishwa Marekani mwaka 1966 na SSI mwaka 1970. Kwenye pwani yetu PADI na SSI ndiyo utakayoyaona zaidi.

Mwanafunzi mgeni hupoteza muda mwingi akiuliza lipi bora. Kwa ngazi ya Open Water, PADI na SSI yanafuata kiwango kimoja cha kimataifa, ISO 24801-2. Mazoezi ni yale yale, kina ni kile kile cha mita 18, na mbizi za baharini ni nne. Kadi ya moja inakubaliwa na jingine, kwa hiyo unaweza kuanza na SSI ukamalizia ngazi za juu na PADI.

Tofauti iko kwenye mambo ya matumizi. Mojawapo ni nadharia. Siku hizi husomwa kwenye simu, na programu za mashirika yote mawili zinakuruhusu kupakua masomo ukayasoma bila bando. Hilo ni faida kubwa kwa mtu wa Ilongero. Soma yote ukiwa nyumbani, ufike baharini umebakiza maji tu. Lakini uliza kama gharama ya masomo hayo imo ndani ya bei uliyotajiwa, maana vituo vingine huiweka pembeni. Uliza pia lugha. Mara nyingi utasoma kwa Kiingereza, basi hakikisha mkufunzi atakufafanulia kwa Kiswahili pale utakapokwama.

Hatua ya 4: Panga msimu wa bahari na msimu wa pesa

Wakulima wengi wa Singida huwa na pesa katikati ya mwaka, alizeti na vitunguu vikishauzwa. Wakati huo huo kusi inavuma na upande wa mashariki wa Unguja unachafuka. Masika ya Aprili na Mei nayo huleta mvua na maji ambayo ndani yake huoni mbali. Kwa mwanafunzi, Oktoba na Novemba, au Februari na Machi, bahari huwa tulivu zaidi. Weka pesa yako ya Julai mahali salama, tumia miezi ya kati kujifunza kuogelea na kusoma nadharia, kisha safiri Oktoba.

Unapoulizia gharama, omba bei kwa shilingi na uulize kama kuna bei ya Mtanzania. Kisha taka orodha ya kilichomo: masomo, kadi, vifaa vyote, boti, ada za hifadhi ya bahari, chakula. Kuzamia eneo la Mnemba au ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, kuna ada zake. Kozi inayoonekana rahisi inaweza kuipita ya jirani yake ukishajumlisha haya.

Hatua ya 5: Piga simu kwa vituo vitatu, uliza maswali yale yale

Orodha ya vituo iko kwenye tovuti za mashirika yenyewe. Chagua vitatu. Piga simu, usiishie kwenye ujumbe mfupi, kwa sababu sauti ya mtu anayeulizwa swali gumu inasema mengi. Anza kwa heshima:

"Habari za leo, mwalimu. Napiga simu kutoka Singida, nataka kusoma Open Water."

"Njema, kaka, karibu sana. Unakuja lini?"

"Mungu akipenda, Oktoba. Kabla sijafunga safari nina maswali machache, naomba usinichoke."

Kisha uliza:

1. Nani hasa atanifundisha, na je, ndiye atakayekuwa nami tangu bwawani hadi mbizi ya mwisho?
2. Naomba namba yake ya ukufunzi. Tovuti ya PADI ina sehemu ya kuihakiki. Kwa mashirika mengine, omba akuonyeshe kadi yake ya kidijitali ya mwaka huu.
3. Tutakuwa wanafunzi wangapi kwa mkufunzi mmoja? Kiwango cha PADI kwa mbizi za baharini za Open Water ni wanafunzi 8 kwa mkufunzi. Hicho ndicho kikomo, na wanne wanatosha kabisa.
4. Kozi inachukua siku ngapi? Siku tatu hadi nne ni mwendo wa kawaida. Anayekuahidi siku mbili, muulize atayapitisha wapi mazoezi yote ya bwawani na mbizi nne za baharini.
5. Nikishindwa zoezi, nalipia tena? Nani anaamua kwamba nimefaulu?
6. Kwenye boti kuna oksijeni ya dharura, sanduku la huduma ya kwanza na redio? Chumba cha tiba ya shinikizo kilicho karibu kiko wapi, na mtanifikishaje?
7. Mkiona bahari imechafuka, mnafanyaje?

Swali la mwisho ndilo la kupima tabia. Jibu unalolitaka ni fupi: "Hatutoki." Angalia pia kama na yeye anakuuliza wewe. Mkufunzi mzuri atataka kujua kama unaogelea na kama una tatizo la masikio au kifua kabla hajataja malipo ya awali. Aliyeanza na namba ya kumtumia pesa amekwishajieleza.

Wanawake wana haki ya kuuliza zaidi: kama kuna mkufunzi wa kike, kama suti ya kufunika mwili mzima ipo ya saizi yao, na wapi watabadilishia nguo. Kituo makini hakikasiriki.

Hatua ya 6: Fika siku moja kabla, ukae utazame

Usilipe pesa yote kabla ya kufika. Lipa kiasi kidogo cha kushikia nafasi, na bakiza siku moja ya kutazama. Omba kukaa pembeni ya bwawa au ufukweni mkufunzi wako akiwa na kundi jingine.

Tazama vifaa kwanza. Mtungi wa hewa una tarehe zilizogongwa kwenye chuma karibu na shingo. Kipimo kikubwa cha shinikizo kwa kawaida hufanywa kila baada ya miaka mitano, na ukaguzi wa ndani kila mwaka. Vuta pumzi kupitia regulata, kile kifaa cha mdomoni cha kupumulia hewa ya mtungi: hewa safi haina harufu wala ladha. Ukisikia mafuta au moshi, kompresa ina kasoro au imewekwa karibu na ekzosi, na hewa hiyo huingii nayo majini. Angalia kama mabomba yana nyufa, kama geji ya hewa inarudi sifuri, na kama vifungo vya jaketi vinashika.

Kisha mtazame mtu. Je, anaonyesha zoezi polepole huku macho yake yakizunguka kwa wanafunzi wote? Je, wanafunzi wake wanaelea kwa utulivu, au amewapigisha magoti juu ya matumbawe? Mkufunzi anayeruhusu watu wakanyage matumbawe hajafundisha kuelea, na kuelea ndiyo nusu ya kozi.

Tazama pia boti ikirudi. Watu wahesabiwe kwa majina kabla ya kuondoka eneo la mbizi. Mnamo Januari 1998, Wamarekani wawili, Tom na Eileen Lonergan, waliachwa baharini huko Great Barrier Reef, Australia, kwa sababu hesabu ya boti ilikosewa. Hawakuonekana tena. Nahodha mwenye orodha na kalamu ana thamani kuliko boti yenye muziki.

Hatua ya 7: Ukiwa majini, endelea kumpima

Kupima mkufunzi hakuishi ukishalipa. Mambo haya utayajua ukiwa ndani tu.

Masikio kwanza. Unaposhuka unabana pua na kupuliza taratibu, kila mita moja hivi, ili shinikizo lisawazike. Masikio yakigoma, unapanda kidogo na kujaribu tena. Mkufunzi mzuri anakusubiri. Anayekuvuta chini kwa mkono wakati unaonyesha sikio, mwache siku hiyo hiyo. Vile vile ukiwa na mafua, usiingie, na yeye asikulazimishe.

Pili, akueleze sababu. Sheria kuu ya mchezo huu ni kutokuzuia pumzi kamwe. Ukiwa mita 10, shinikizo ni mara mbili ya la juu. Hewa iliyojaa mapafuni pale itataka nafasi mara mbili ukifika juu, na mapafu hayana nafasi hiyo. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo hatasahau hata akiwa na hofu. Aliyeambiwa "usizuie pumzi" bila maelezo ataisahau siku ya kwanza ya taharuki.

Tatu, ishara za mikono zifundishwe mpaka ziingie damuni. Huku kwetu dole gumba likinyanyuliwa maana yake mambo poa. Chini ya maji ishara hiyo inamaanisha "tupande juu". Ya kusema uko salama ni kukutanisha kidole gumba na cha shahada ukatokea mduara. Mkufunzi anayewajua wanafunzi wake Waswahili atalirudia hili tangu nchi kavu, kwa sababu anajua mkono utatangulia akili.

Nne, aulize hewa yako mara kwa mara. Mtungi wa kawaida huanza na bar 200, na unatakiwa urudi kwenye boti ukiwa na kama 50. Usipoulizwa geji yako mbizi nzima, umekuwa abiria tu.

Mwisho, atende anachofundisha: apande polepole na asimame dakika tatu kwenye mita 5 kabla ya kutoka, hata kama chakula kinapoa kwenye boti.

Hatua ya 8: Usipokee kadi ambayo hujaifanyia kazi

Kabla ya kuondoka, jikague mwenyewe. Je, umejaza maji kwenye miwani ukayatoa? Umeivua kabisa ukaivaa tena chini ya maji? Umeipoteza regulata ukaitafuta na kuirudisha mdomoni? Umepumua kwa hewa ya mwenzako? Umeelea katikati ya maji bila kupanda wala kushuka? Umefanya mbizi zote nne za baharini?

Kama lipo ulilorukishwa, omba ulifanye kabla fomu haijasainiwa. Wengi huona aibu kwa sababu ya urafiki uliokwishajengeka kwa siku tatu. Aibu hiyo iache. Mkufunzi anayejiheshimu atakurudisha majini kwa furaha. Kama muda umekuishia kweli, omba barua ya rufaa. Kwa PADI, mazoezi uliyokwishayamaliza hutambuliwa kwa miezi 12, na unaweza kumalizia kituo kingine.

Shirika likikutumia dodoso la kutathmini kozi, lijaze kwa ukweli. Ni njia mojawapo ya shirika kujua mkufunzi anafanya nini akiwa mbali nalo, na mwanafunzi atakayefuata kutoka Singida atafaidika nalo.

Hatua ya 9: Usikimbilie kurudi nyumbani

Sehemu hii huandikwa kwa ajili ya wanaopanda ndege, na mtu wa Ilongero huiruka. Asiiruke. Uwanda wa Singida uko karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Dodoma inazidi mita 1,100. Unapozamia, naitrojeni iliyomo kwenye hewa huyeyuka mwilini, na inahitaji muda kutoka. Ukipanda sehemu ya juu mapema, shinikizo linapungua na inaweza kutoka kama mapovu kwenye damu na viungo.

Mwongozo wa shirika la usalama wa wapiga mbizi, DAN, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kufikia mwinuko wa kuanzia mita 600 hivi. Kozi yako ina mbizi kadhaa. Zamani safari yenyewe ilikula siku nzima. Tangu mwaka 2024, treni ya SGR inakutoa Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda wa saa nne hivi. Ukizamia asubuhi, ukavuka mchana na kupanda treni ya jioni, usiku wa manane uko juu ya mita 1,100. Lala pwani usiku mmoja zaidi. Saa 24 kamili ni hesabu rahisi isiyosahaulika.

Ukifika nyumbani ukasikia maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, nenda hospitali mara moja na utamke wazi kwamba umetoka kupiga mbizi. Beba daftari lako la mbizi, lenye kina na muda wa kila moja. Daktari wa bara anaweza asiufikirie ugonjwa huo usipomtajia.

Kadi yako haiishi muda, ila ujuzi unafifia. Ukikaa miezi mingi bila kuona bahari, lipia somo fupi la kukumbushia kabla ya mbizi nyingine.

Kwa hiyo, ukiwa na pesa ya kozi moja tu, itumie kwa mkufunzi aliyejibu maswali saba bila kukwepa, mwenye kundi dogo, na aliye tayari kusema leo hatutoki. Nembo iliyo kwenye kadi yake haitakusaidia chini ya maji. Piga simu zako tatu wiki hii, andika majibu kwenye karatasi, na tiketi ikatwe mwisho.